Mayai ya Bi Nyadzua

Paukwa!

— Pakawa!

Hamjala? Nitieni sauti ya watu walioshiba! Paukwa!

— Pakawa!

Basi hapo kale, kale ambayo hata bibi zetu waliisikia tu, kideri kilipita kijijini kikafagia kuku. Fya! Nyua kimya, alfajiri bubu. Akabaki kuku jike mmoja tu, wa Mbodze mfinyanzi, anaatamia mayai yake. Nguchiro hana huruma: kwaa! akamnyakua. Yakabaki mayai, vuguvugu, bila mama.

Mbodze akayafumbata kwenye pindo la nguo, mbio hadi kwa Bi Nyadzua, ajuza aliyelea nusu ya kijiji.

"Bibi, niokoe! Haya yakifa, kuku tutamsikia hadithini."

Bi Nyadzua akaanika pumba za mpunga juani. Zikipata moto, huzitia chunguni, akayafukia mayai humo. Kisha hulitoa moja moja, akafumba jicho na kuliweka juu ya kope. Likimchoma, hupunguza pumba. Likimpoza, huongeza. Asiposikia joto wala baridi, hucheka: "Hili limelala vizuri." Huligeuza, akafunika. Kila siku hivyo. Choma, punguza. Poa, ongeza. Geuza, funika.

Mbodze, mwenye kuchemka upesi, akachoka.

"Bibi, tutazeeka! Chungu changu nikikizidishia moto, kinaiva haraka. Nipe nusu."

"Mjukuu wangu, chungu unakipika. Yai unalikumbatia."

"Nipe tu!"

Akapewa, si yalikuwa yake? Akayaweka ubavuni mwa tanuri lake. Kuni juu ya kuni. Pwaa, pwaa, moto!

Kweli, yakapasuka kabla ya yale ya chunguni. Mbodze akajaza uwanja kwa vigelegele: "Njooni muone! Bibi na kope lake, mimi na tanuri langu, fundi nani?"

Watu wakaja, wakaona. Vifaranga vidogo kama kunguni, vitovu wazi, vidole vimepinda. Tete, tete, bwata! Tete, tete, bwata! Kabla jua halijashuka vikafa vyote, isipokuwa kimoja, nacho kikadumaa maisha yake yote.

Kijiji kikachacha. "Ni jicho lile! Yai gani huwekwa jichoni? Ajuza kayahusudu!" Wakabeba michi, wakaenda kuvunja chungu cha Bi Nyadzua.

Ajuza kakaa mlangoni, hajitetei. Kasema tu: "Punguzeni kelele. Humo ndani wanasikia."

Mbodze alikuwa nyuma yao. Kunyamaza kulikuwa rahisi, maana lawama ilishapata wa kuibeba. Akapasua umati.

"Wekeni michi chini! Moto niliuwasha mimi. Bibi alinikanya, nikambishia. Mkitaka cha kuvunja, vunjeni mdomo wangu!"

"Huo, Mbodze, hata mchi hauuwezi!" akadakia mmoja. Watu wakaangua kicheko, michi ikashuka.

Ndipo chunguni kukasikika: ko. Ko-ko. Kwi!

Vifaranga wakatoka, mmoja, mwingine, mwingine. Wakakauka wakawa pamba tupu. Miguu imara, macho makali, wanadonoa hata vidole vya watu. Wakakua, majike kwa majogoo, wakataga, wakaatamia. Mbodze akagawa kuku nyumba kwa nyumba, na waliobeba michi ndio waliowahi kunyoosha mikono. Aka! Binadamu hawa!

Bi Nyadzua, Mungu amrehemu, hayupo. Lakini ukila yai kijijini kule, unakula jasho lake.

Mimi sizungushi maneno. Baridi huua, na joto la kupita kiasi huharakisha kisha likaua. Anayekua, mpe joto la kiasi chake, si la pupa yako. Na ukiunguza, sema umeunguza.

Ngano yangu naitua hapa; mwenye mikono ya kuipokea, aende nayo.