Kwa Nini Mlindamlango Hauzai Peke Yake

Enzi hizo, kabla babu zetu hawajapata babu, mti uitwao mlindamlango haukuwa na miiba. Majani yake yalikuwa laini kama sikio la mwana-mbuzi, na kila mti ulizaa wenyewe bila kungoja mwenzake. Kipupwe kilipoingia na milima yote ikakauka, wenyewe ulibaki kijani, umejaa matunda mekundu. Watu wa milimani waliupanda kwenye vyungu mlangoni, na mtoto akikohoa walimchemshia majani yake.

Alikuwako mwanamke aitwaye Sekela. Alikaa ua mmoja na wifi yake Tumpale, dada wa mumewe Gwandumi, aliyerudi kwao baada ya kufiwa na mume. Kila mmoja alikuwa na mlindamlango wake. Wa Sekela ulizaa vizuri, lakini wa Tumpale uliinama kwa uzito wa matunda, na wapita njia walisimama kwake. Sekela alicheka nao, ila moyoni alifukuta.

Na Tumpale ndiye aliyemfundisha kuutunza. "Mti wa shambani hupigwa baridi kichwani, wifi," alimwambia. "Wa kwenye chungu hupigwa pande zote, hadi mizizini. Usihadaike na ukijani wa majani." Basi kila kipupwe kilipokaribia walivisogeza vyungu kwenye ukuta wa jikoni, wakavizungushia nyasi kavu, na kuvitilia maji kidogo adhuhuri, jua likiwa limepasha udongo.

Mwaka mmoja zilikuja habari kwamba binti wa Tumpale, aliyeolewa kule chini ufukoni mwa ziwa, alikuwa karibu kujifungua. Tumpale akafunga mzigo. "Wifi, nakuachia mti wangu."

"Nenda salama," Sekela akamjibu. "Wako ni wangu."

Sekela alikata nyasi karibu na nyumba. Zilitosha chungu kimoja. Akafunga chake, akakisogeza ukutani, kisha akautazama mti wa Tumpale na kusema, "Kesho." Kesho yake alikwenda kuchuma njegere. Keshokutwa akashinda akizimenya. Ng'ambo ya kijito nyasi zilikuwapo, zimesimama hadi kiunoni, naye aliziona. Jambo ambalo hakumwambia mtu mpaka alipozeeka ni hili: alitaka baridi iudonoe kidogo tu, matunda yapukutike, ili mwaka huo watu wasimame mlangoni pake. Hakutaka ufe.

Asubuhi ya nne umande uliganda, ardhi ikawa nyeupe kama iliyomwagiwa unga. Chungu cha Tumpale kilikuwa kimepasuka toka mdomoni hadi kitakoni. Matunda yalikuwa meusi, majani yamebabuka kama yaliyopitiwa na moto. Sekela alivuka kijito mbio, akarudi na mzigo wa nyasi, akaanza kuzungushia vigae. Gwandumi alimkuta pale, vidole vimekufa ganzi.

"Mke wangu," alisema, "unamfunika nani?"

Tumpale alirudi na furaha ya mjukuu. Alipofika uani alisimama. "Nyasi zilikosekana, wifi?"

"Zilikosekana."

Tumpale akatazama ng'ambo ya kijito, kwa muda mrefu. Siku ya pili alikusanya vyombo vyake, akaaga kwamba anakwenda kumlea mjukuu, na hakupanda tena mlima ule.

Msimu uliofuata mti wa Sekela ulichanua, maua yakadondoka, tunda halikuonekana. Majani mapya yalitoka na miiba ukingoni. Mwaka wa pili ikawa vilevile. Ndipo Sekela alipoteremka ziwani kusema kweli. Alionyeshwa kaburi.

"Kila aliyeshuka kutoka kwenu," binti wa Tumpale alimwambia, "mama alimuuliza, 'Wifi yangu yuko nyuma yako?'"

Sekela aliketi chini palepale. Alichokuwa amekuja kukisema hakikuwa na wa kukipokea.

Aliporudi alivifukua vigae vya chungu cha Tumpale chini ya nyasi zilizooza, akakuta shina limetoa chipukizi jembamba kama uzi. Akalipanda kwenye mtungi wake wa maji, akauweka kando ya mti wake, na kila kipupwe akaufunga nyasi. Miaka ilipita kabla mti huo mchanga haujachanua. Wenyewe haukuzaa kamwe. Ulitoa maua tu. Lakini mwaka ule wa maua yake, mti wa Sekela ulijaa matunda, na yeye hakumwita mtu kuja kuyaona.

Na tangu siku hiyo mlindamlango una miiba, na hauzai mpaka usimame karibu na mwenzake asiyezaa. Tangu siku hiyo pia, wanawake wa milima ile hufunga nyasi chungu cha jirani kwanza, ndipo wafunge chao. Ukimuuliza mmoja wao, "Na wako je, mama, baridi ikiuwahi?" atakujibu bila kuinua kichwa, "Ukifa wangu, nitalala usingizi."