Fito za Bi Mashavu

Paukwa!

Pakawa!

Haya, aliyekalia mkeka wangu asogee, na mwenye kutafuna atafune kimya.

Zamani hizo, huko milimani kwenye baridi, aliishi mwanamke aitwaye Sikudhani pamoja na mama mkwe wake, Bi Mashavu. Pembeni mwa uwanja wao palikuwa na tuta la maua. Wenye bustani za mjini huyaita delfinia. Kule waliyaita marefu ya buluu, maana yalimpita mtu kimo. Yakikauka, mzizi hubaki hai, na mwaka unaofuata huchipua tena.

Hayakuwa pambo tu. Kila mwaka zimwi la mlimani lilishuka, likachuchumaa kando ya tuta, likajipima. Maua yakilizidi, lilikwenda zake. Yasipolizidi, lilimeza mtu.

Basi Bi Mashavu aliyatunza. Mashina yake ni matupu ndani, hayawezi upepo. Akayachomekea fito, akayafunga kwa kamba za mgomba.

Siku moja Sikudhani alikuwa anangoja wageni, mashoga zake. Akazitazama zile fito kavu, akaona haya. "Watasema tumeanika kuni," akajisemea. Akazing'oa zote, akazificha nyuma ya jiko. Wageni wakaja, wakasifu, naye akavimba kichwa.

Alasiri ile ile, wageni wakiwa bado wanakunywa chai, upepo ukavuma. Maua yakalala chini, mashina yamevunjika. Mara zimwi likashuka! Wageni wakatimua mbio.

"Nani kayaangusha?" likanguruma.

Sikudhani akatupa jicho nyuma ya jiko.

"Nani kayaangusha?"

Akayatazama maua yaliyolala.

"Nani kayaangusha?"

"Mbuzi," akasema Sikudhani. Mbuzi gani, jamani? Pale hapakuwa na mbuzi hata mmoja!

"Na tuta ni la nani?"

"Langu," akasema Bi Mashavu, akitoka ndani.

Zimwi likammeza mzimamzima.

Sikudhani akapiga magoti. "Nirudishie mama yangu!"

"Nitakaa hapa siku arobaini," likasema zimwi. "Maua yakinizidi, nitamtapika. Yasiponizidi, ndiyo basi tena."

Sikudhani akajikunyata, hajui aanzie wapi. Mara akasikia sauti kutoka tumboni mwa zimwi: "Mwanangu, kata mashina yote mpaka chini!"

Akakata. Yakachipua.

"Mwanangu, tia samadi!"

Akatia. Yakarefuka.

"Mwanangu, chomeka fito!"

 Akaenda nyuma ya jiko, akazitoa fito alizozificha mwenyewe. Alitamani atukanwe. Lakini tumboni mle hamkutoka neno baya hata moja, ni mwanangu, mwanangu, mwanangu, na kila alipoitwa hivyo aibu ilimchoma. Akazichomeka. Akafunga fundo baada ya fundo, machozi yanamtoka.

Siku ya arobaini maua yakafunguka. Zimwi likachuchumaa, likanyoosha shingo, likajinyonganyonga. Wapi! Yamelizidi kwa shubiri nzima. Likakohoa, likamtapika Bi Mashavu, kilemba kimekwenda upande, kisha likaondoka linanung'unika.

Majirani wakaja mbio. "Hongera, Sikudhani! Umemwokoa mama mkwe wako!" Vigelegele vikapigwa.

Sikudhani akainamisha kichwa. Angenyamaza, nani angejua?

"Msinipongeze," akasema. "Hapakuwa na mbuzi. Ni mimi niliyezing'oa fito, nikaogopa kusema."

Vigelegele vikakatika. Akamgeukia mama mkwe wake. "Nisamehe, mama. Umemezwa kwa kosa langu, na wewe hukujua."

Bi Mashavu alikuwa anakamua kanga yake iliyolowa. "Nilijua, mwanangu. Nilikuwa dirishani, nikakuona unazing'oa. Sikutaka kukuaibisha mbele ya mashoga zako. Nilingoja waondoke, nizirudishe mwenyewe."

Sikudhani akajifunika uso kwa mikono yake miwili, na kwa siku nyingi hakuweza kumtazama machoni.

Hadithi yangu imekomea hapo, sina zaidi. Nawe ukikosa, sema mwenyewe, tena sema mapema, kabla mwenzio hajaumia kwa kosa lako.