Mkumbukwa na Supu ya Mzazi

Paukwa!
— Pakawa!
Ebo! Sauti gani hizo, hamjala? Paukwa!
— PAKAWA!
Haya, hapo sasa.

Hapo zamani za kale, vyungu vilipokuwa vikisema, palikuwa na bwana mmoja akiitwa Mkumbukwa. Mkewe, Mwanahawa, alikuwa amejifungua. Mtoto analia, ng'aa, ng'aa! Maziwa hayatoki. Na mzazi anatakiwa nini, wajukuu zangu?
— Supu ya pilipili manga!
Ehee! Ile ya moto, inayokutoa jasho mpaka puani.

Basi Mkumbukwa akachinja kuku, akatia viazi, akatia tangawizi, akatwanga pilipili manga. Chungu kikachemka: “Koto koto, koto koto! Mkumbukwa, mzazi hajanywa!”

Akapita Nguchiro. “Hodi! Kunanukia!”

Sasa Mkumbukwa alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi. Mtu akipita, lazima aambiwe karibu. Sisi watu tukiambiwa karibu tunajibu, “Starehe!” kisha tunajiendea zetu. Lakini Nguchiro atajuaje hayo?

“Karibu, bwana,” akasema Mkumbukwa.

“Ahsante!” Nguchiro huyo, kaketi, kala kuku, kala na viazi. Chungu kitupu.

— Ala! Bibi, si angemfukuza?
Mgeni anafukuzwa, we Siwazuri? Nyamaza usikilize.

Ndani mtoto analia, ng'aa, ng'aa! Mkumbukwa akatafuta samaki, akamkamulia ndimu, akapika supu nyingine. Chungu kikasemaje?
— Koto koto, koto koto! Mkumbukwa, mzazi hajanywa!

Akapita Paka. “Hodi! Kunanukia!”

Mkumbukwa akajiuma ulimi. Akajiuma tena. Wapi! “Karibu, bibie,” likamtoka.

“Ahsante!” Paka kala samaki, kalamba na mwiko.

Chungu kikakasirika. “We mwanamume! Wapita njia wanashiba, mkeo analala na njaa! Adabu gani hiyo?”

Mkumbukwa akaona haya, akainama. Sauti ya mtoto sasa imekuwa ndogo, inasikika kwa mbali tu. Akaogopa kwelikweli. Nyumbani hakukubaki kitu ila makongoro mawili ya ng'ombe. Akayatia chunguni na pilipili manga yote iliyosalia, akachochea kuni, hakutoka jikoni mpaka supu ikawa nzito.
— Koto koto, koto koto! Mkumbukwa, mzazi hajanywa!

Akapita nani?
— Fisi!
Mnampenda huyo! “Hodi! Kunanukia mifupa hapa!” Mate yanamtiririka mpaka kwenye kwato.
— Bibi, fisi hana kwato!
Hadithi ni yangu au yako, Rehani? Mpaka kwenye kucha, haya.

Mkumbukwa akafungua kinywa. Akakifunga. Akachota supu bakuli tele, akapita mbele ya mgeni bila kusema neno, uso umemwiva kwa aibu, akaingia kwa mkewe.

“Kunywa, mke wangu.”

Mwanahawa akanywa. Akatoka jasho. “Niongeze.” Akanywa tena. Akamweka mtoto kifuani, na mara, kimya! Hakuna ng'aa tena, mtoto anakunywa tu, glu, glu, glu!

Mkumbukwa akalia kwa furaha, kisha akatoka mbio mpaka uani. “Bwana Fisi! Karibu sasa, karibu sana!”

Fisi akapewa mifupa, akaitafuna taratibu, kra... kra... asije akamwamsha mtoto. Jioni hiyo nyumba nzima walikuwa wakicheka.

Basi wajukuu zangu, mgeni mkaribisheni, tena kwa uso mkunjufu. Ila bakuli la kwanza mpeni anayelihitaji zaidi.

Hadithi yangu nimeiepua hapo. Haya, kanaweni mikono.