Nusu ya Kapu la Besi

— Nina hadithi yangu kichwani, niitue?
— Itue tuione!
— Ina miba!
— Tutatafuna taratibu!
— Na atakayesinzia?
— Apakwe tope!

“Nusu ya kapu!” Nguchiro alipiga kelele, manyoya yamemsimama mgongoni. “Tulisema nusu ya kapu, Bwana Nyani, na nusu yangu nitaichukua!”

“Si hiyo hapo?” Nyani akamrushia mikia ya samaki, pwa! “Samaki ana kichwa na mkia. Mkia ni nusu. Nimekupa mikia yote, bibie, na hata shukrani huna.”

Jamani! Mkia nusu ya samaki! Hesabu hiyo Nyani alifundishwa na nani?

Mambo yalianza hivi. Katika ziwa moja lililojaa nyasi waliishi samaki waitwao besi, wanono, mdomo wa kumeza kikombe na kisahani chake. Ukitupa ndoana tupu, unavua majani. Siku moja wakaja wageni na nyungunyungu wa plastiki, rangi ya zambarau, wanene kama kidole gumba, warefu kama mkono wa mtoto. Walipoondoka, mmoja alibaki amenasa kwenye matete, pamoja na ndoana yake na mshipi wake.

Nguchiro akamnasua. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa amejificha akiwatazama wageni wale, kisha akajaribu, akakosea, akajaribu tena mpaka akajua. Ncha ya ndoana unaificha ndani ya tumbo la nyungunyungu, nyasi zisiipate. Unamrusha, chubwi! Unamwacha azame. Vuta kidogo, acha. Vuta kidogo, acha. Besi anadhani chakula kinatembea. Gap! Kameza.

Shida ni kwamba besi wa kwanza alimburuta Nguchiro mpaka majini, nusura amfanye yeye kitoweo. Ndipo akamwita Nyani, mwenye mabavu.

“Vifaa vyangu, mikono yako, kapu nusu kwa nusu.”

“Nimekubali, dada yangu,” alisema Nyani.

Kapu lilipojaa, dada akageuka bibie, na bibie akapewa mikia. Na kule kwenye kichuguu watoto wa Nguchiro walikuwa hawajatia kitu tumboni tangu jana.

“Basi nirudishie nyungunyungu wangu,” akasema Nguchiro.

“Ng'o! Huyu sasa ni wangu. Naenda kuvua tena, peke yangu. Na kapu hili nalivaa shingoni, maana wadogo kama ninyi nawajua.”

Nguchiro akashikwa na hasira. Alitamani kumng'ata kisigino. Lakini akamwangalia Nyani anavyomwangalia, kwa pembe ya jicho, kama mwizi anayemdhani kila mtu mwizi. Hasira ikabaki palepale, ila akili nayo ikaja ikaketi kando yake.

“Sawa,” akasema. “Mimi uongo siujui, nitakwambia ukweli mtupu. Usiitoe ncha ya ndoana nje. Usijifunge mshipi kiunoni. Na ukivuta ukaona hakuna kinachotikisika, hizo ni nyasi. Legeza.”

Nyani akacheka, kha, kha, kha! “Nimekudhulumu mchana kweupe, halafu unifundishe kazi? Mtoto wa jana mimi?”

Akaishika ncha.

“Usiitoe!” akasema Nguchiro.

Akaitoa yote.

“Usijifunge!”

Akajifunga, fundo juu ya fundo.

Akamrusha nyungunyungu, chubwi! Vuta kidogo, acha... Aa, niache kwa nini? Akavuta kwa nguvu zake zote. Nyasi zikaidaka ndoana, kwaa! Hakuna kilichotikisika.

“Hizo ni nyasi, Bwana Nyani! Legeza!”

“Nyasi wewe! Huyu ni baba wa besi wote!”

Akavuta, mshipi ukambana kiuno. Akavuta, ukambana zaidi. Akaona bora amfuate huyo baba kwake. Chubu, chubu, chubu, maji ya magoti. Chubu, chubu, chubu, maji ya kifua. Nyasi zikamsokota miguu, mshipi ukazisokota nyasi. Akauuma mshipi, ukamkata ufizi. Kapu bado liko shingoni, harufu ya samaki inatambaa juu ya maji, na kule kwenye matete mapovu yakaanza kupanda, bwa-bwa-bwa. Mamba kaamka.

Hebu ngojeni. Mafunzo nayatoa sasa hivi, maana nikiyaweka mwisho mtakuwa mmeshakimbilia sufuria. Hadithi hii yatufunza kwamba ukweli ni kitu kibaya sana, humzamisha mtu mzima na kapu lake. Kwa hiyo, watoto wema, mdanganyeni kila mtu, na mkubwa akiwadhulumu mwambieni asante. Mzigo wangu nimeutua. Aliyeshiba ajifute mdomo, asiyeshiba akavue.

Lakini Nguchiro hakuyasikia mafunzo hayo. Alikuwa ameshatembea juu ya nyasi zilizolala majini, mwepesi, hata hazikubonyea, na mshipi ameuweka katikati ya meno yake ya sindano.

“Kata, dada yangu!” Nyani alilia. “Kata, uchukue kapu lote!”

Nguchiro akautoa mshipi mdomoni apate kusema vizuri. “Lote silitaki. Sikuvua lote.”

“Mchukue na nyungunyungu!”

“Huyo ni wangu. Huwezi kunipa kilicho changu.”

“Mamba anakuja, jamani! Sasa unataka nini?”

“Nusu yangu. Leta.”