Kwa Nini Mto Uliupa Mji Kisogo

Ninyi wajukuu huwa mnacheka mkiliona lile gati limesimama katikati ya mahindi. Chekeni. Zamani, Marekani ilipokuwa bado changa, mto ulipita mlangoni pa mji huu na kuulisha. Mji uliitwa Bandari ya Hezekia, kwa jina la mzungu mwenye kivuko.

Mwenye kivuko hakushika kasia hata siku moja. Aliyevusha watu ni Kujo, mtumwa wake, na mkewe Kujo, Fibi, alipika katika nyumba ya bwana huyo huyo.

Mwaka mmoja theluji ikayeyuka kwa pupa, mto ukafura. Hezekia alikuwa katikati ya maji mashua ilipoanza kujaa. Akamshika Kujo miguu. "Nifikishe, Kujo. Nifikishe, na wewe na Fibi mko huru. Mungu shahidi."

Kujo akamfikisha, viganja vyake vimechunika.

Gatini Hezekia akakung'uta viatu, akaondoka. Kujo akamfuata kwa adabu. "Bwana, lile neno lako."

"Lile nililisema majini," akajibu. "Neno la majini ni la mto."

Wazee wa mji, waliozoea kula mezani pake, wakaitikia kwamba ndiyo sheria ya vyombo vya majini. Hakuna aliyewahi kuisikia sheria hiyo kabla ya siku ile. Mwenye nguvu mpishe, nasi tumempisha mpaka tumechoka. Wiki hiyo hiyo Fibi akauzwa kusini, kwenye mashamba ya pamba, ili mumewe asizoee kukumbusha.

Kujo akashuka ukingoni, akauambia mto: "Wamesema neno lile ni lako. Basi litimize wewe."

Mto ukasikia. Mvua zilipokuja ukavunja ukingo, ukaupa mji kisogo, ukapinda kusini, njia ile ile aliyopelekwa Fibi. Wengine husema mto ulikuwa na huruma. Mimi sikubali. Kivuko kilipokosa maji, Kujo naye alikosa kazi, na Hezekia akamuuza magharibi. Mume na mke hawakuonana tena.

Na tangu siku hiyo mto haujarudi. Nasi, uzao wa watumwa wa mji huu, hatupokei ahadi ya mtu aliye chomboni. Tunamwambia: shuka kwanza, kanyaga udongo, kisha useme. Wengi wakishaukanyaga, hunyamaza.