Kuponi Kavu za Bi Kalunguyeye

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa duka.
Duka lina nini?
Lina ofa.
Ofa ya nani?
Ya mwenye duka mwenyewe.

Haya, mmejibu kama watu mlioumwa na hilo duka. Sogeeni, maana mbele huko mtashika vichwa.

Hapo kale, na si kale sana, palikuwa na Bwana Kiboko. Kiboko alikuwa na duka kando ya bwawa, na duka lilikuwa hilo hilo moja bonde zima. Unga kwa Kiboko. Chumvi kwa Kiboko. Sabuni kwa Kiboko. Ukitaka kiberiti cha kulichoma duka la Kiboko, nacho kwa Kiboko. In short, monopoly, ila mdomo wake ulikuwa mpana hivi kwamba hakuna aliyethubutu kulitamka neno hilo karibu nao.

Tena palikuwa na Bi Kalunguyeye, mdogo kama kiazi, miba mgongo mzima. Alikuwa na shahada ya uchumi, first class, na kazi hana. Aliomba kazi kwa huyo huyo Kiboko, akaambiwa alete uzoefu wa miaka mitano, na duka lenyewe halijamaliza miwili. I mean, seriously.

Basi aliishi kwa kuokotaokota. Watoto wake walikula mchicha wa porini bila ugali. Kila siku wanauliza, "Mama, ugali lini?" Kila siku anajibu, "Kesho." Kwenye kibindo alikuwa na kauri moja, na mfuko wa unga uliuzwa kauri nane. Masika yalikuwa yanabisha hodi. Mvua ikishika, bonde linafurika, hakuna kutoka shimoni, hakuna kuokota. Bila ule mfuko wa unga, wale watoto wasingeivuka mvua. Hakuna fumbo hapo. Wangekufa.

Asubuhi moja wakaamka, wakakuta bango: OFA. UNGA NUSU BEI KWA MWENYE KUPONI. Kuponi zikamwagwa bonde zima, vikaratasi vyekundu vya kung'aa. Na chini kabisa ya bango, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa: vigezo na masharti kuzingatiwa. Kuponi isilowe. Kuponi isikunjwe. Kuponi isichanike.

Wanyama wakatimua vumbi. Digidigi akafika wa kwanza, anahema, hehe, hehe, kuponi mdomoni.

"Bosi, mfuko wa unga bei gani?"

"Kumi na sita."

"Jana si ilikuwa nane?"

"Jana hatukuwa na ofa, mdogo wangu."

"Kwa hiyo nusu yake ni nane ile ile."

"Lakini umeokoa nane. Jipongeze."

Digidigi akafungua mdomo. Akaitoa kuponi. Kiboko akaishika kwa ncha ya ukucha.

"Imelowa."

"Ni mate tu, bosi. Mimi sina suruali, nitaibeba wapi?"

"Imelowa. Batili. Lipa kumi na sita."

Akaja Nyani, kaikamata kuponi yake kwenye ngumi isilowe. Kiboko akaitazama. "Imekunjika. Batili. Lipa kumi na sita."

Akaja Ngiri, kaichomeka kwenye jino lake refu isilowe wala isikunjwe. Kiboko akaitazama. "Imechanika. Batili. Lipa kumi na sita."

Na wakalipa. Hapo ndipo mimi nilipotaka kukaa chini. Bei mara mbili ya jana, siku ya punguzo, na wakalipa, na wakasema asante. Wengi walikuwa na midomo tu ya kubebea, kwa hiyo nyingi zililowa. Walipokuwa wakirudi, kila mmoja alizitupa kuponi zake jalalani, fyu, fyu, fyu, na kuapa kwamba ofa ni uchawi.

Bi Kalunguyeye hakuingia dukani siku hiyo. Alikuwa kando ya jalala, anatazama. Walipokwisha kuondoka, akajikunja akawa mpira. Akabiringika juu ya kuponi zilizolowa, biringi, biringi, biringi. Alipojikunjua, mgongo ulikuwa mwekundu, kila mwiba na kuponi yake. Akaenda kusimama juani. Jua likapiga. Kuponi zikakauka, zikanyooka, zikakakamaa kama dagaa.

Jirani yake Kobe akapita, akamtazama. "Bi Kalunguyeye, mbona umepambwa hivyo, umeolewa?"

"Nakausha unga, shoga yangu."

Kobe akatikisa kichwa, akajua njaa imeshapanda kichwani.

Sasa, wafanyabiashara wana imani yao, na msijifanye hamuijui. Mteja wa kwanza wa asubuhi ndiye anayefungua biashara. Akiondoka mikono mitupu, hiyo ni nuksi, utashinda unafukuza nzi mpaka jioni. Kiboko, na tani zote zile za nyama, aliiogopa nuksi kuliko mamba.

Kesho yake, duka linafunguliwa, Bi Kalunguyeye yuko mlangoni. Wengine wanajipanga nyuma yake.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba, bibie. Nifungulie biashara."

"Nataka mfuko wa unga."

"Kumi na sita."

"Nina kuponi."

Chwi, akachomoa moja mgongoni. Kiboko akaigeuza huku, akaigeuza kule. Haikulowa. Haikukunjwa. Haikuchanika.

"Ina tundu," akasema Kiboko.

"Tundu kwenye masharti halimo. Soma bango lako."

Kiboko akalisoma bango lake. Puuuh, akapumua, bwawa likatikisika. "Haya. Nane."

"Nina kuponi nyingine."

"Unatumia moja tu."

"Moja tu imeandikwa wapi?"

Haikuandikwa. Angeiandika ya nini? Hakutegemea hata moja ifike nzima. "Mimi ndiye mwenye duka, na nimekataa."

"Hewala. Kwaheri ya kuonana." Akageuka, tifu, tifu, tifu, mikono mitupu, mteja wa kwanza wa siku.

Kiboko akaiona nuksi inaingia kwa miguu yake. "We bibie. Rudi."

Akarudi. Chwi, kuponi. "Nne," akasema Kiboko.

"Nina kuponi nyingine."

"Hiyo sasa ni dharau."

"Hewala. Kwaheri ya kuonana." Tifu, tifu, tifu.

"Rudi."

Akarudi. Chwi. "Mbili." Sauti ya Kiboko ilikuwa imeanza kukauka. Ngiri kwenye foleni alikuwa amesahau kupepesa macho.

"Nina kuponi nyingine."

"Mama, unaniua."

"Hewala. Kwaheri ya—"

"Moja. Chukua. Moja."

Bi Kalunguyeye akafungua kibindo, akaweka kauri yake juu ya meza. Kiboko akaichungulia ile kauri, kisha akauchungulia ule mgongo, bado mwekundu.

"Na hizo nyingine zote?"

"Za jirani zangu. Ila kabla sijaenda, nyongeza yangu iko wapi? Nimekufungulia biashara."

Mkono wa Kiboko ukaenda wenyewe kwenye chumvi, kwa mazoea, ukachota, ukamimina. Mwenyewe akabaki kuutazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

Bi Kalunguyeye akageukia foleni, akawachomolea. Kwa Digidigi nne. Kwa Nyani nne. Kwa Ngiri nne. Mpaka mgongo ukabaki miba mitupu. Kisha akausukuma mfuko wake, biringi, biringi, kuelekea nyumbani. Watoto walipouona wakadhani mama ameiba. Jioni ile hawakuuliza ugali lini. Midomo ilikuwa imejaa.

Kiboko naye alifungua mdomo awafukuze wateja, sauti haikutoka. Akafungua zaidi. Haikutoka. Mpaka leo yuko bwawani, kinywa wazi. Watalii wanampiga picha, wanasema anapiga miayo. Miayo gani? Yule bado yuko kwenye shock.

Hadithi yangu imeishia sufuriani. Aliyewahi ameshiba, aliyechelewa akombe ukoko.

Na funzo, kwa sababu lazima liwepo: watoto wazuri, mkiliona bango la ofa liaminini, msiulize bei ya jana. Kuuliza bei ya jana ni utovu wa adabu. Na jalalani msiguse kitu, kuna vijidudu. Mwenye duka anatupenda sana.