Kaunta ya Bwana Fisi

Hadithi imefika mlangoni!
— Ipite!
Imenenepa!
— Ipite kiubavu!

Haya, imepita. Sogeeni karibu. Wewe uliyekalia mguu wangu, endelea tu, mguu umeshakufa ganzi.

Hapo kale Bwana Fisi alikuwa na nguvu nyingi na nyumba mpya. Nyumba ilikuwa na jiko. Nyumba ilikuwa na bafu. Lakini nyumba haikuwa na kaunta. Mnaijua kaunta? Ni ile meza ndefu iliyojengewa ukutani, ya kukatia vitunguu jikoni na ya kuwekea sabuni bafuni. Mimi yangu ya jikoni ni ya ubao, imevimba kama shavu lenye jino bovu. Yai nikiliweka upande huu, naliokota upande ule, sakafuni. Kwa hiyo nisikilizeni vizuri, anayesema ni mtaalamu.

Fisi akamwita Mama Pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo wa miambani, mnene, hana masikio ya kujivunia, hata mkia hana. Lakini kwa mawe, hapakuwa na fundi kama yeye.

"Fundi," Fisi akasema, "nataka kaunta inayovumilia kila kitu. Moto, maji, ndimu, manjano. Mimi nikipika sipangusi."

"Hilo tunalijua, jirani," akasema Mama Pimbi. "Nzi wametuambia."

Akaleta ubao wa mninga. Fisi akatua chungu cha moto: chwiii! Ubao ukaungua duara jeusi.

"Haufai! Lete kingine!"

Akaleta vigae vyeupe. Fisi akamwaga mchuzi wa manjano: pwaa! Ukakaa siku nzima. Vigae vikatakata, lakini ile mistari ya saruji katikati yake ikabaki njano kama meno ya Fisi mwenyewe.

"Havifai! Lete kingine!"

Akaleta marumaru laini yenye kung'aa. Fisi akakamua ndimu: chiriri! Pale ilipodondoka mng'ao ukafa, pakabaki doa.

"Haifai! Lete kingine!"

"Jirani," Mama Pimbi akasema taratibu, "kila kitu kina adabu yake. Ubao unataka kitambaa chini ya chungu. Vigae vinataka kupanguswa mapema. Marumaru tuipeleke bafuni, kule hakuna ndimu."

"Mimi? Niwe na adabu mbele ya meza?" Fisi akafoka. "Meza ndiyo iwe na adabu mbele yangu!"

Asubuhi iliyofuata Fisi akapanda mlimani kumfokea fundi nyumbani kwake. Alibeba chungu chake cha mchuzi wa moto na ndimu, maana alikuwa hawezi kutembea bila kula. Huko akawakuta watoto wa Pimbi wamelala kifudifudi juu ya bamba la jiwe, pana, jeusi, lenye vidoa vinavyometameta. Walikuwa wanaota jua. Pimbi hupoa sana usiku. Bila jiwe lile na jua lile, asubuhi miguu yao haikunjuki, na mtoto wa pimbi asiyeweza kukimbia ni kifungua kinywa cha mtu.

Fisi akawafukuza. Akatua chungu cha moto juu ya jiwe. Kimya. Akamwaga mchuzi. Ukateleza. Akakamua ndimu. Jiwe halikushtuka.

"Hili ndilo!" akapiga kelele. "Kesho nakuja na nyundo. Nusu jikoni, nusu bafuni!"

Mtoto mmoja akamshika mama yake. "Mama, tutaota jua wapi?"

Moyo wa Mama Pimbi ukapiga du, du, du. Lakini usoni akatabasamu.

"Hongera, jirani, umepata. Ila... nusu? Mtu mkubwa kama wewe, nusu?"

"Kwani kuna njia nyingine?"

"Jiwe hili limeota mlimani. Ukilipiga nyundo utapata kokoto. Jiwe haliwezi kwenda jikoni. Basi jiko lije kwenye jiwe. Bafu lije kwenye jiwe. Huku unakata nyama, kule unanawa uso. Jiwe zima, jirani. Lote!"

Fisi akameza mate. Hilo neno "lote" alilipenda kuliko jina lake.

Akabomoa jiko lake: kacha! Akabomoa bafu lake: kacha! Akabeba mawe mgongoni, akapanda mlima: hee, hee, hee.

Mama Pimbi akamuuliza, "Mlango uwe na upana gani?"

"Dhiraa mbili!"

"Dhiraa ya mkono wa nani?"

"Swali gani hilo, wewe usiye na mkia? Dhiraa ni dhiraa! Pima mwenyewe, mimi mdomo umejaa."

Basi Mama Pimbi akalaza mkono wake chini, kiwiko mpaka kucha: moja. Akalaza tena: mbili. Akachora alama kwa mkaa.

"Jiwe hapa, jirani. Na jiwe pale."

Fisi akatua jiwe hapa: puu! Akatua jiwe pale: puu! Macho hayakuwa kwenye alama, yalikuwa kwenye nyama atakayoikata. Kuta zikapanda, nene, ndefu, imara.

"Na paa?" akauliza.

"Moshi utatokea wapi?"

"Kweli wewe ni fundi!" akasema Fisi, akashuka mbio kwenda kuchukua paja la ng'ombe.

Akarudi. Akaingiza kichwa mlangoni. Kichwa kikaingia. Akaingiza shingo. Shingo ikaingia. Akaingiza mabega. Kwama! Akasukuma. Ukuta haukutikisika, alikuwa ameujenga vizuri mno. Akajaribu kupanda juu, ile miguu yake mifupi ya nyuma ikamteremsha: paraa!

Akachungulia tena mlangoni. Jua lilikuwa linashuka moja kwa moja juu ya jiwe, na watoto wa Pimbi walikuwa wamelala kifudifudi, wamejinyoosha.

"Fundi! Mlango huu una dhiraa ngapi?"

"Mbili, jirani. Karibu ndani upime."

Fisi akautazama mlango. Akautazama mkono wake, kisha ule mdogo wa fundi. Akakumbuka nani alibomoa jiko, nani alibeba mawe, nani alikuwa na mdomo uliojaa. Akaanza kucheka. "Hwaa-hihihi! Mimi huyu! Hwaa-hihihi!" Mpaka leo mkimsikia anacheka gizani, msiogope. Hamcheki mtu. Anajicheka.

Na funzo la hadithi hii, wanangu, ni hili: fundi akikuuliza swali, usimjibu, atakuona mjinga. Mwambie apime mwenyewe.

Mimi nimelifuata. Bafuni kwangu fundi amepima mlango mwenyewe, ameniwekea kaunta ya marumaru nzuri ajabu. Ninaiona vizuri kabisa kupitia dirishani, kila asubuhi ninaponawa uso uani.

Hadithi inatoka!
— Ipishwe!
Mlango unaitosha?
— Kiubavu!
Na mimi?
— Mtaalamu, wewe lala humu humu!